Simu Iwe Duka, Daftari Liwe Shahidi

Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya kamati ya biashara siku ya kutimiza miaka kumi



Tumepewa nafasi fupi tuseme juu ya kuuza kwa simu na intaneti. Tutasema yale tunayoyaona kila siku katika batiki, dagaa, sabuni za maji na mafuta ya alizeti.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Ni kweli, lakini jamani, kizuri kilichofungiwa kabatini kitajiuzaje? Simu iliyo mkononi tuifanye duka. WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018, hupakuliwa bure. Gharama yake ni bando tu. Ndani mna katalogi ya kuwekea picha ya bidhaa, maelezo na bei. Piga picha mchana, karibu na mlango au dirisha, juu ya kitambaa safi. Andika kipimo: lita moja, nusu kilo. Na bei iandikwe! Huu mtindo wa "bei njoo inboksi" hatuupendi. Mteja akiona bei imefichwa hudhani anapimwa sura, naye huenda zake kwa mwingine.

Jambo la pili ni namba. Ukituma tangazo moja kwa orodha ya wateja kwa mkupuo, huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako katika simu zao. Basi unapomrudishia mteja chenji, mwambie papo hapo, "Dada, nihifadhi." Wateja hamsini waliokuhifadhi ni bora kuliko watu elfu wanaosifia picha wasinunue.

Jambo la tatu ni matapeli. Wapo wenzetu waliotoa mzigo baada ya kuonyeshwa meseji ya malipo, kumbe ya kughushi. Usiamini meseji iliyo kwenye simu ya mteja; angalia salio lako mwenyewe, ndipo bodaboda aondoke. Zile tarakimu sita ambazo WhatsApp hukutumia kwa meseji asipewe mtu, hata akijiita mweka hazina wetu. Akizipata ataichukua akaunti yako na kuanza kukopa watu kwa jina lako. Washa pia ile namba ya siri ya ziada iliyomo kwenye mipangilio. Meseji za kitapeli tuzipeleke namba 15040, iliyowekwa kwa kazi hiyo na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Sasa tufike penye mjadala. Baadhi yetu wanaomba mkopo wa kununua matangazo ya kulipia ya Facebook na Instagram. Hatuwapingi, ila tunasema: daftari kwanza. Tuseme mama amelipia tangazo shilingi 10,000. Wameuliza watu arobaini, wakanunua watano, na faida kwa kila mmoja ni shilingi 1,500. Jumla ni 7,500. Simu imelia kutwa nzima, moyo umefurahi, na mama amepata hasara ya shilingi 2,500! Asiyeandika hataijua hasara hiyo mpaka siku ya marejesho.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi: mwanachama ajaribu kwanza kwa fedha zake kidogo, aandike kwa miezi mitatu waliouliza, walionunua na faida iliyobaki, kisha aje na daftari lake mkutanoni. Likionyesha faida, apewe mkopo bila kuzungushwa. Lisipoonyesha, tumsaidie kutengeneza picha, bei au bidhaa yenyewe. Fedha zilizomo kisandukuni ni ada za watoto na akiba ya ugonjwa za wenzetu, wengine hata simu ya intaneti hawana.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Pendekezo hili tunalikabidhi kwa Mwenyekiti ili lipigiwe kura katika mkutano ujao.