Motokaa za Toyota na Njia za Umatengo
Hotuba ya Kamati ya Usafirishaji katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Tumeombwa tuseme machache juu ya motokaa. Pengine wako watakaoona ajabu kwamba katika siku kama hii tunasimama kuzungumza habari za magurudumu badala ya kahawa. Lakini kahawa haina miguu. Kilo iliyochumwa Maguu au Langiro ni mali ya mkulima kwa jina tu mpaka ifike Mbinga mjini, ikobolewe na kupata mnunuzi. Na kati ya mbuni na kiwanda pana mlima, pana tope, na pana gari. Tena katika mkutano mkuu ujao mtatakiwa kukata shauri juu ya akiba ya usafirishaji, ambayo ni shilingi zenu wenyewe zilizokatwa kilo kwa kilo. Maneno yamekwisha kuenea vijijini kwamba fedha hizo zinunue Toyota. Basi yatupasa tujue hiyo Toyota ni kitu gani, na ni ipi, na ya kazi gani.

Habari yake haikuanza na gari, ilianza na nguo. Huko Japani alikuwako mtu aliyeitwa Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala, aliyezaliwa mwaka 1867. Maisha yake yote aliyatumia katika kutengeneza mitambo ya kufuma. Mwaka 1924 alikamilisha mtambo ambao uzi ukikatika husimama wenyewe, bila kungoja jicho la mfumaji. Neno hili laonekana dogo, wala si dogo. Mtambo usiojua kusimama hufuma nguo mbovu kwa bidii ileile ya kufuma nguo njema. Bali ule uliojua kusimama uliokoa nyuzi, na mtu mmoja akaweza kuangalia mitambo mingi. Mwaka 1929 Platt Brothers wa Oldham, kampuni kubwa ya Uingereza ya kuunda mitambo ya nguo, walitia sahihi mkataba wa pauni 100,000 ili wapate haki ya kuutengeneza. Waingereza ndio waliokuwa walimu wa dunia katika kazi ya nguo. Sasa walimu wakaja kununua kwa mwanafunzi.

Mwanawe, Kiichiro, moyo wake ulikuwa katika injini. Ndani ya kiwanda kilekile cha mitambo ya kufuma alianza kuchunguza namna ya kuunda motokaa. Mwaka 1935 likatoka lori lililoitwa G1, na mwaka 1936 gari dogo lililoitwa AA. Mwaka huo wa 1936 watu walialikwa kushindana kubuni alama ya magari hayo, na jina la ukoo, Toyoda, likageuzwa kuwa Toyota. Kwa maandishi ya Kijapani Toyota huandikwa kwa mikwaju minane, na nane kwao ni hesabu ya heri. Kampuni yenyewe iliundwa tarehe 28 Agosti 1937. Wazee wetu watapenda kukumbuka kwamba 1936 ndio mwaka ulioanza chama kikuu cha Ngoni-Matengo hapa kwetu. Vitu viwili hivyo havikuhusiana kwa lolote, ila umri.

Malori yale ya kwanza hayakuwa mema. Yaliharibika njiani mara kwa mara, na kampuni ililazimika kupeleka mafundi kuyafuata yalikokwama, kuyatengeneza, na kurudi kiwandani na habari ya kilichovunjika ili kifanywe upya. Twakawia kidogo hapa kwa kusudi. Vijana wetu hudhani kitu kizuri kilizaliwa kizuri.

Baada ya vita kuu ya pili kampuni ilikaribia kufilisika. Mwaka 1950 palikuwa na mgomo mkubwa, wafanyakazi wengi wakaondoka, na Kiichiro mwenyewe akajiuzulu. Mwezi huohuo wa Juni vita vya Korea vikaanza, na jeshi la Marekani likaagiza malori. Hayo ndiyo yaliyoiinua tena. Sisi wa ushirika hatuwezi kuisoma habari hiyo bila kufikiri yetu: vyama vikuu vya nchi hii vilifutwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Nasi twajua maana ya kuanza tena na ghala tupu.

Sasa twafika kwa gari ambalo wengi wenu ndilo mnalolifikiri jina la Toyota linapotajwa. Mwaka 1951 kampuni iliunda gari la kupita popote, ikatia ndani yake injini ya lori, ya silinda sita. Mwezi wa Julai dereva wa majaribio, Ichiro Taira, akalipandisha katika mlima Fuji mpaka kituo cha sita. Mwanzoni liliitwa Toyota Jeep. Na kwa kuwa jina la Jeep lilikuwa na wenyewe, mwaka 1954 likaitwa Land Cruiser. Aliyelichagua jina hilo alitaka lisikike si chini ya Land Rover ya Waingereza. Walipopeleka gari zao dogo la Crown Marekani mwaka 1957 halikuweza mwendo wa barabara kuu za huko, na ikawa Land Cruiser ndiyo iliyowashikia soko. Kufikia mwaka 2019 magari ya jina hilo yaliyouzwa duniani yalitimia milioni 10.

Tuirudie nchi yetu. Aliyetoka Mbinga kwenda Mbamba Bay ajua kwamba hashuki mlima tu, bali abadili hali ya hewa. Umatengo umesimama kati ya meta 1,300 na 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, mashamba ya ngoro yakining'inia ubavuni mwa vilima. Na ziwa liko meta 475 au karibu na hapo. Zamani za udongo, wakati wa masika, njia hiyo ilikuwa mahakama ya magari. Land Rover ya inchi 109 ndiyo iliyotangulia kupita hukumu yake. Ilibeba abiria, magunia, dagaa waliokaushwa, na wagonjwa, wote pamoja, na hatutakubali leo isahauliwe kwa sababu tu imezeeka. Kisha zikaja Land Cruiser za umbo la mwaka 1960, na baadaye zile zilizotoka mwaka 1984, ambazo Watanzania waliziita mkonga kwa bomba lile la kuvutia hewa linalopanda kando ya kioo kama mkonga wa tembo.

Tumewauliza wenye magari na madereva, wa juu na wa ziwani, na maneno yao yanakaribiana. Sifa ya kwanza hawaitoi kwa nguvu, bali kwa wepesi wa kufahamika. Mkonga wenye injini ya 1HZ, ile ya dizeli ya lita 4.2 na silinda sita iliyotoka mwaka 1990, hauna vyombo vya umeme vya kuutawala. Fundi wa Kigonsera au Liuli mwenye spana na masikio mema aweza kuujua unaumwa nini. Sifa ya pili ni fremu yake na springi zake za mabamba ya chuma, ambazo zavumilia mzigo na mashimo. Sifa ya tatu ni kwamba vipuri vyapatikana hata Songea, wala mtu hana haja ya kulisimamisha gari miezi akingoja meli. Mzee mmoja alituambia kwamba gari bora ni lile ambalo jirani naye analo, maana hukosi pa kuazima. Nasi twaona mzee huyo amesema zaidi ya vitabu.

Na lawama wanazo. Linakunywa mafuta mno. Wanaokaa nyuma hutikiswa hata wakasahau walikokuwa wakienda. Na mama mjamzito anayepelekwa Litembo au Liuli hana anasa ya kulisifu. Bei yake ni kubwa, hata lililochakaa. Na injini hiyo inayosifiwa ina mkanda wa taimingi ambao wenye hekima huubadili kila kilometa 100,000; asiyeubadili hungoja ukatike, na ukikatika injini huvunjika ndani. Mwanachama wetu mmoja aliuziwa mkanda wa bandia katika duka la mji ambao hatutautaja, ukiwa ndani ya kasha lenye chapa nzuri kuliko ile ya kweli. Haukumaliza msimu.

Wengi wetu hatununui gari jipya. Twanunua lililokwisha kutumika Japani. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na usukani wao uko kulia. Tena sheria yao hutaka gari jipya likaguliwe baada ya miaka mitatu, na tangu hapo kila miaka miwili, kwa gharama isiyo ndogo, hata wengi huona heri kuuza. Kwa hiyo gari linalofika bandari ya Dar es Salaam laweza kuwa bado na afya. Walakini umri una kodi yake: Kenya hairuhusu kabisa gari la mtumba lililozidi miaka 8, na hapa Tanzania gari kuukuu huongezewa ushuru. Anayetajiwa bei ya Japani na asitajiwe ushuru hajatajiwa bei.

Wala tusiifanye kampuni hiyo kuwa malaika. Mwaka 2009 na 2010 ilirudisha viwandani magari kwa mamilioni kwa ajili ya kasoro za mkanyagio wa mafuta na mazulia yaliyounasa, na mkuu wake, Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro ... la, yeye ni mwana wa Shoichiro, na Shoichiro ni mwana wa Kiichiro. Basi ni mjukuu kweli... aliitwa mbele ya Bunge la Marekani kujieleza. Januari 2024 ikajulikana kwamba kampuni ndugu yake, Toyota Industries, ambayo ndiyo ile ya mitambo ya kufuma, ilifanya udanganyifu katika vipimo vya kuidhinisha injini za dizeli, zikiwamo za Hilux na za Land Cruiser 300. Upelekaji wa magari hayo ukasimamishwa kwa muda. Nyumba iliyoanza kwa mtambo unaosimama uzi ukikatika, safari hiyo uzi ulikatika na mtambo ukaendelea.

Sasa shauri letu. Hali ya njia si ile ya zamani. Lami kutoka Songea ilifika Mbinga katika miaka ya 2010, na sasa imeshuka mpaka Mbamba Bay, kilometa zipatazo 67. Katika lami hiyo Noah ya abiria inapita asubuhi na kurudi jioni, jambo ambalo baba zetu wangelicheka. Mkonga wa kubebea mizigo huchukua kama tani moja. Lori la tani saba, liwe la Isuzu au la Fuso, hufanya kwa safari moja kazi ambayo mkonga utaifanya kwa safari saba, na dereva wa lori ni mmoja. Kupeleka kahawa kwa Land Cruiser juu ya lami ni kuichoma kahawa kabla haijakaangwa.

Lakini vijiji vingi haviko kando ya lami. Kutoka katika vyama vya msingi vya milimani hadi barabara kuu, mwezi wa Machi, hakuna lori litakalopanda. Na mgonjwa hawezi kungoja jua likaushe tope. Huko mkonga una kazi yake ya haki. Kwa hiyo twapendekeza yanunuliwe malori mawili ya tani saba kwa njia kuu, na mkonga mmoja tu, wenye injini isiyo na umeme mwingi, ukae Maguu katika msimu wa kahawa na uwe gari la wagonjwa wakati uliobaki. Fungu la mkanda na vipuri vya kweli litengwe siku ileile ya kununua.

Na ile Land Cruiser kubwa ya viti vya ngozi, ambayo watu huiita shangingi, na ambayo baadhi ya wajumbe wametaja kwamba itafaa heshima ya ofisi, sisi hatuioni katika hesabu. Aliyeiona na atuonyeshe ni kilo ngapi za kahawa itakazobeba.

Karatasi ya bei, ushuru, mafuta na matengenezo kwa kila gari tulilolichunguza imebandikwa mlangoni mwa ghala. Fundi wetu atakuwapo hapo mpaka saa kumi na moja jioni, na wanachama kutoka ziwani, ambao gari lao la kurudi laondoka mapema, waulize kwanza.