Ukurasa Mwepesi, Habari kwa Wote

Hotuba iliyotolewa Salamabila mbele ya viongozi na familia zilizohama makwao



Leo tunazungumzia ukurasa wa matangazo utakaofunguliwa kwenye simu. Utaonyesha siku ya mgawo wa misaada, tarehe ya kikao cha mapatano, na jibu la uvumi unaozunguka sokoni. Baadhi yenu mmesema kwamba hilo ni jambo la mafundi wa kompyuta. Sisi tunasema linawahusu, na tutaeleza sababu.

Ugomvi kati ya wenyeji na waliohama huanza mara nyingi kwa neno dogo: "Wao walijua, sisi hatukujua." Mwenye simu kubwa akipata habari ya mgawo asubuhi, na mwenye simu ndogo akaipata jioni baada ya magunia kwisha, nani atamshawishi huyo wa pili kwamba hakuna upendeleo? Ukurasa usiofunguka kwa wote unaweza kuzaa chuki, hata kama maneno yake ni ya amani.

Tukiri kosa letu. Ukurasa wa kwanza wa majaribio tuliutengenezea ofisini. Ulikuwa na picha kubwa na vitufe vya rangi, nasi tuliufurahia. Tulipompa mama mmoja aufungue kwa simu yake, skrini ilibaki nyeupe. Alisubiri, mega zake zikaisha, akarudisha simu kwenye kitambaa na kwenda kumwuliza jirani. Uvumi hupita hapo hapo.

Tulitafuta sababu. Ukurasa una maneno, na una maagizo yanayosema maneno hayo yakae vipi: ukubwa wa herufi, rangi, na jinsi safu zinavyopangwa chini kwa chini skrini ikiwa nyembamba. Maagizo hayo huandikwa kwa lugha iitwayo CSS, iliyokubaliwa rasmi mwaka 1996. Fundi halazimiki kuyaandika yote upya. Kuna seti zilizotayarishwa, tunaziita viunzi. Kiunzi ni kama karatasi ya vipimo ya fundi cherehani: anakata nguo bila kuanza kupima kila kitu.

Lakini viunzi havina uzito mmoja. Bootstrap ilitoka kwa wahandisi wa Twitter mwaka 2011. Ina karibu kila kitu, na maagizo yake ya CSS yakibanwa ni karibu kilobaiti 30. Yasipobanwa yanapita 200. Pure ilitoka kwa Yahoo mwaka 2013. Ina mambo machache ya lazima, na ikibanwa ni karibu kilobaiti 4 tu.

Tupige hesabu pamoja. Mtandao dhaifu wa kizazi cha pili ukipitisha kilobiti 40 kwa sekunde, kilobaiti 25 zinafika kwa sekunde 5. Kilobaiti 200 zinahitaji sekunde 40. Picha ya megabaiti moja inahitaji sekunde 200, yaani zaidi ya dakika tatu. Na kwa kawaida simu huyasubiri maagizo ya CSS kabla ya kuonyesha maneno. Maneno yenu yanaweza kuwa yamefika tayari, lakini yamefichwa nyuma ya mapambo ambayo bado yako njiani.

Anayesukuma baiskeli ya mizigo kwenda Kasongo wakati wa mvua anajua jambo hili. Kabla ya kuondoka anauliza kila mzigo: wewe unahitajika sokoni, au unanichosha tu kwenye matope? Bootstrap si mbaya; inafaa kwa kazi kubwa yenye mtandao mzuri. Kwa matangazo yetu tumechagua Pure, tena sehemu zake chache tu. Tumeamua pia ukurasa mzima usizidi kilobaiti 25, usiwe na picha, na usomeke hata simu ikikataa programu ndogo zinazoendesha menyu. Na maneno yamepangwa ili hata maagizo ya CSS yasipofika kabisa, tangazo lisomeke kuanzia juu hadi chini.

Hatukuanza sisi. Januari 2008, Kenya ilipokuwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi, Wakenya walianzisha Ushahidi, ramani ya intaneti ya matukio ya vurugu. Ilipokea pia ujumbe mfupi kutoka simu za kawaida, kwa hiyo asiye na kompyuta naye alisikika. Mwaka 2009, kwa ndugu zetu wa Kivu ya Kusini, ambao hadi 1988 tulikuwa nao jimbo moja, mradi wa Voix des Kivus ulianza kupokea habari za vijiji kwa ujumbe mfupi. Wote wawili walitumia ujumbe mfupi wa simu.

Kuna jambo ambalo wepesi wa ukurasa hautatui. Kinachosomwa na wote kinasomwa pia na mwenye nia mbaya. Kwa hiyo hatutaweka jina la familia yoyote, wala mahali inapolala, wala njia inayopitia kurudi shambani. Na kwa asiye na simu, au pale mtandao unapokatika, tangazo hilo hilo litabandikwa kwenye ubao na kusomwa kanisani, msikitini na sokoni, neno kwa neno, siku ile ile.

Sasa tunawaomba jambo moja. Kila mtaa na kila kundi la waliohama lituletee simu yake iliyo dhaifu kuliko zote, yenye skrini iliyopasuka, yenye betri inayofungwa kwa mpira. Tutaufungua ukurasa mbele yenu. Ukikataa kwenye simu moja, tutaondoa kitu na kujaribu tena. Kamati itakayosimamia majaribio iwe na wenyeji na waliohama, wanawake na vijana, ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba ukurasa ni wa upande mmoja.

Ndugu zetu, amani ina kazi kubwa kuliko hii, tunajua. Lakini siku ambayo mwenyeji na aliyehama watasoma tangazo moja kwa saa moja, sababu moja ya kugombana itakuwa imepungua. Tuanze na hiyo.