Injini Iliyokataliwa

 Leo nataka tuzungumze juu ya injini ya gari la moshi. Najua si jambo la kawaida katika kipindi hiki, lakini nivumilieni kidogo.

Wengi wenu mmeziona zile injini kubwa za mvuke katika jumba la makumbusho la reli pale Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971. Mmoja wao huitwa Mount Gelai, na wazee wetu waliofanya kazi ya reli wakiiona husimama mbele yake kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Hiyo ilitengenezwa Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1950. Injini ninayotaka kuwasimulia ni ya miaka hiyo hiyo na ya nchi hiyo hiyo, ila yenyewe haikuletwa huku. Jina lake ni Duke of Gloucester, na namba yake ni 71000.

Habari yake yaanza na msiba. Tarehe 8 Oktoba 1952, asubuhi, magari ya moshi matatu yaligongana katika stesheni ya Harrow na Wealdstone, karibu na London. Watu 112 walikufa. Injini moja kubwa iliharibika hata isiweze kutengenezwa tena, na shirika la reli likawa na pengo. Mhandisi mkuu, Robert Riddles, alipata ruhusa ya kujenga injini mpya ya kuliziba. Ikajengwa katika karakana ya Crewe, ikakamilika mwaka 1954. Uzito wake ulipita tani 100, ilikuwa na silinda tatu, na valvu zake zilifunguka na kufungwa kwa namna inayofanana na valvu za motokaa, ufundi uliobuniwa na Mwitaliano aitwaye Caprotti. Ilikusudiwa kuwa ya kwanza kati ya nyingi. Ikawa peke yake.

Kwa nini? Kwa sababu ilikula makaa mengi na mvuke wake haukutosha. Mpiga makaa alitupa makaa hata jasho likamchuruzika, na bado gari lilipofika mlimani sindano ya kipimo cha mvuke ilianza kushuka. Wafanyakazi hawakuipenda. Wapimaji waliipeleka katika karakana ya Swindon, wakaijaribu, wakaona jambo la ajabu: silinda zake zilitumia mvuke vizuri mno, lakini upande wa moto, pale mvuke unapozaliwa, kazi ilikuwa hafifu. Wakaandika hayo katika ripoti. Lakini tangu mwaka 1955 shirika la reli lilikuwa limekwisha kuamua kuacha mvuke na kufuata dizeli na umeme. Ni nani angehangaika na injini moja yenye kasoro? Mwaka 1962 ikaondolewa kazini. Ilikuwa imetumika miaka minane tu, na injini ya namna hiyo hutazamiwa kufanya kazi miaka thelathini au zaidi.

Kwanza walifikiri waihifadhi kama kumbukumbu. Baadaye wakasema hapana, kilicho cha maana ni silinda na valvu zake basi. Wakaing'oa silinda moja ya nje, wakaikata ili watu waone ndani, wakaiweka katika jumba la makumbusho ya sayansi kule London. Silinda ya nje ya upande wa pili nayo ikaondolewa. Mwili uliobaki ukauzwa kwa bei ya chuma chakavu, ukapelekwa Barry, mji wa bandari huko Wales, katika uwanja wa mfanyabiashara aitwaye Dai Woodham.

Uwanja ule ulikuwa na historia yake. Woodham alinunua karibu injini 300 ili azikatekate, lakini vibarua wake walikuwa na mabehewa mengi ya kukata, nayo ni rahisi kuliko injini, basi injini zikaachwa zingoje. Zikangoja miaka mingi kando ya bahari, zikila chumvi na mvua, na watu wakachomoa vipande vya shaba wakaenda navyo. Kwa sababu ya kungoja huko, injini 213 zilinunuliwa na kuokolewa na watu wa kawaida. Sidhani kama Bwana Woodham alianza na nia ya kuokoa kitu chochote. Alikuwa na biashara yake. Lakini hakuwa na haraka, na kutokuwa na haraka kwake kuliwafaa wengi.

Mwaka 1974 kikundi cha watu wapenda reli walifika pale wakainunua Duke of Gloucester. Wenzao waliwaona kama watu waliopungukiwa akili. Injini nyingine zote pale zilihitaji kutengenezwa, lakini hii haikuwa hata na silinda zake za nje! Zaidi ya hayo ilikuwa na sifa mbaya. Mtu akinunua ng'ombe mgonjwa tutamhurumia, lakini akinunua ng'ombe mgonjwa asiye na miguu miwili tutasema nini?

Waliipeleka Loughborough, wakaanza. Hawa si watu waliolipwa mshahara. Walikuja siku za mapumziko, baada ya juma zima la kazi zao nyingine, wakavaa ovaroli, wakakwangua kutu. Walichanga fedha, wakaomba viwanda viwasaidie. Silinda mpya zilisubiwa. Valvu zile za Caprotti zilitengenezwa upya, kipande kwa kipande, kwa kufuata michoro ya zamani. Kazi hiyo ilichukua miaka kumi na miwili. Hebu fikirini, mtoto aliyezaliwa mwaka walipoinunua alikuwa karibu kumaliza shule ya msingi siku injini ilipowashwa moto, mwaka 1986.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya niwaletee habari hii. Kwa kuwa walilazimika kutengeneza karibu kila kitu, walilazimika pia kupima kila kitu na kukilinganisha na mchoro wake. Wakafika chini ya tanuri, mahali majivu yanapoangukia. Ninyi akina mama mnaopikia jiko la makaa mnajua kile kimlango cha chini. Ukikifunga, makaa hufifia, hata ungeongeza mkaa debe zima. Moto wahitaji hewa. Injini nayo ina milango ya namna hiyo, na walipoipima waliona kwamba ile ya Duke of Gloucester haikutengenezwa kama mchoro ulivyosema. Ilikuwa midogo mno. Na bomba la moshi nalo lilikuwa dogo kuliko lile la injini nyingine za ukubwa wake, hata moto ukakosa mvuto wakati ulipohitajiwa sana.

Basi kumbe ni hivyo! Miaka minane wapiga makaa walikuwa wakiilisha injini iliyozibwa pumzi. Walisema inakula sana, nao walisema kweli. Walisema haina nguvu, na hiyo pia ilikuwa kweli. Lakini aliyeichora hakuichora hivyo. Kasoro iliingia karakanani, na hakuna aliyeinama na futi mkononi kutazama chini ya tanuri.

Wale watu wakairekebisha milango, baadaye wakaweka na bomba la moshi la namna bora. Mwaka 1990 injini ikarudi katika njia kuu ikivuta abiria. Kaskazini ya Uingereza kuna mlima wa Shap, ambako reli hupanda futi moja kwa kila futi 75, na injini nyingi za mvuke zilitaabika pale. Duke of Gloucester iliupanda na mabehewa mazito nyuma yake kwa nguvu iliyowashangaza hata waliokuwa wamesoma ripoti zote za zamani.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana Yesu alisimulia habari ya mtini ambao kwa miaka mitatu haukuzaa. Mwenye shamba akataka ukatwe. Angalieni yule mtunza shamba. Hakubishana na bwana wake, wala hakusema kwamba tunda lilikuwapo ila halikuonekana. Mti haukuzaa, basi. Alichoomba ni nafasi ya mwaka mmoja, achimbe kuuzunguka na kutia samadi. Aliomba kazi! Tena kazi ya kuchafua mikono, huko chini kwenye mizizi.

Mzazi anayenisikiliza, labda nyumbani mwako mna karatasi ya matokeo ya mtoto ambayo hupendi kuitazama. Alama zimeandikwa, na ni kweli ni zake. Mwalimu hakukosea kujumlisha. Lakini je, kuna aliyemkalisha mtoto huyo mbele ya ubao akamwuliza, unaona nini hapa? Wako watoto wanaoitwa wazembe mwaka baada ya mwaka, na kumbe macho hayafiki mbali. Mwingine sikio moja halisikii, na dawati lake liko nyuma kabisa. Mwingine huja shuleni bila kuonja kitu tangu jana adhuhuri, na sisi twamwongezea kazi ya ziada, kama yule mpiga makaa anayeongeza koleo baada ya koleo.

Sisemi kwamba kila anayeshindwa ana kasoro iliyofichika ambayo si yake. Uvivu uko, na hata injini zilizokuwa mbovu kwelikweli zilikuwako, nazo zilikatwa kwa haki. Ila ripoti peke yake haiwezi kukuonyesha ni ipi. Ile ya Swindon ilieleza dalili vizuri sana, ikafungiwa kabatini, na dawa yenyewe ilikuwa kimlango cha chuma.

Kuna atakayeuliza kama si upotevu, watu wazima kutoa siku zao za mapumziko miaka kumi na miwili kwa ajili ya chuma. Hata mimi nimeliwaza hilo, maana fedha zile zingeweza kufanya mambo mengine. Lakini najiuliza pia ni wangapi kati yetu wametoa jumamosi zao, si miaka kumi na miwili, ila miezi mitatu tu, kwa ajili ya mtu mmoja aliye hai, jirani au mpwa ambaye kila mtu amekwisha kumkatia tamaa. Chuma kilipata watu wa kukiinamia.

Mwaka 2012 Duke of Gloucester iliondolewa njiani tena ili ifunguliwe yote na kutengenezwa upya, na michango ikaanza kuombwa tena. Kijana aliyekuwa na miaka 20 pale Barry, siku ile walipoinunua, alikuwa sasa na miaka 58.