Mlezi Naye Ana Haki ya Kutunzwa



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nataka kusema nanyi habari ya watu tulio nao kila siku na hali hatuwaoni. Nao ni wazazi wanaolea watoto wenye ulemavu, na huku wao wenyewe ni wagonjwa.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, asiyeweza kukaa wala kutembea, akiwa na miaka 2 hubebwa mgongoni kama watoto wengine. Akifika miaka 12, uzito wake waweza kupata kilo 30, na mbebaji ni mama yule yule. Humwinua, humwogesha, humlisha, na usiku humgeuza asipate vidonda. Mgongo ukimwuma husema utapoa. Kichwa kikimgonga humeza kidonge akaendelea na kazi. Ukimwuliza mbona haendi kupimwa, jawabu lake ni moja: "Nimwache na nani?"

Swali hilo, ndugu zangu, twaulizwa sisi.

Shinikizo la damu mara nyingi haliumi. Mtu huweza kukaa nalo miaka mingi asijue, hata siku apigwapo na kiharusi. Kipimo kikirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi, yampasa aonane na mganga. Mama huyo akianguka, nyumba iliyokuwa na mmoja wa kubebwa itakuwa na wawili, na mbebaji hayupo.

Wako wasemao kwamba huko ndiko kusubiri. La! Subira si kujiangamiza. Salman al-Farisi alipomzuru nduguye Abu Dardaa huko Madina, alimkuta amejinyima chakula mchana na usingizi usiku kwa ajili ya ibada. Akamlisha, akamlaza, akamkumbusha kuwa nafsi yake na jamaa zake wana haki juu yake, na Mtume (s.a.w.) akamsadiki Salman. Basi angalieni: Abu Dardaa hakujiona. Aliyeona ni mgeni aliyeingia nyumbani mwake. Mlezi aliyechoka naye hajioni, yataka tumwendee.

Katika nchi yetu kazi hii ina mfano mwema. Mwaka 1960 Padri Joseph Fraipont Ndagijimana alianzisha huko Gatagara nyumba ya kuwatunza watoto wenye ulemavu. Mwaka 2007 ikatoka sheria ya kuwalinda watu wenye ulemavu. Hayo ni mambo makubwa. Lakini sheria haiji alfajiri kumshika mtoto ili mama aende kituo cha afya.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila nyumba yenye mtoto wa namna hiyo ipate majirani wawili, wa kukaa naye kwa zamu asubuhi moja kila mwezi. Wajifunze kwanza kwa mama jinsi mtoto anavyoketishwa na kulishwa, asije akapaliwa. Pili, wenye nafasi wawalipie mituweli wasio nayo, na mlezi mwenyewe asisahauliwe katika hesabu hiyo. Tatu, enyi akina baba, mtoto ni wenu pia. Mwinueni pamoja, watu wawili, magoti yamekunjwa na mtoto amesogezwa kifuani, wala mgongo usipindwe.

Wazee walisema, mkono mmoja haulei mwana. Nao walisema hivyo kwa mwana mzima wa viungo. Itakuwaje kwa huyu ahitajiye mikono maisha yake yote? Asitoke mtu hapa leo ila awe amekwisha kuijua nyumba atakayoibishia hodi wiki hii.

Mwenyezi Mungu awape afya walezi wetu, na sisi atupe macho ya kuwaona. Amin.