Nani Anapima Umaskini wa Mgonjwa?

Ndugu wajumbe wa kamati za parokia, nanyi wafadhili wetu,

Sisi tunaofundisha kazi ya ustawi wa jamii tumeombwa tueleze maana ya ustawi wa jamii usiokandamiza. Jina ni refu, lakini jambo lenyewe mnalijua.

Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza katika hospitali za serikali nchini Tanzania mwaka 1993, sera imetaka asiye na uwezo apewe msamaha. Mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano hujulikana kwa kuwatazama tu. Maskini wa kawaida hana alama. Huleta barua ya uongozi wa kijiji, kisha afisa ustawi wa jamii wa hospitali humhoji. Kwa hiyo mwenye mamlaka juu ya dawa yake si daktari peke yake. Ni sisi pia.

Mwanafunzi akienda mafunzo kwa vitendo hujifunza upesi kuuliza: "Una ng'ombe? Una simu? Mwanao wa mjini anafanya kazi gani?" Si kwamba maswali hayo yote ni mabaya, maana fungu la msamaha ni dogo. Lakini mama akiulizwa hivyo mbele ya foleni anaweza asirudi tena, na daftari litamwita mtoro. Tunamtaka mwanafunzi amhoji faraghani, amweleze haki yake kabla ya kuuliza mali yake, na akimnyima aeleze sababu ambayo mgonjwa anaweza kuipinga.

Utafiti nao ni vivyo hivyo. Vifo vya uzazi nchini vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16, na 104 katika ule wa mwaka 2022. Ni hatua kubwa, tuseme kweli. Ila wastani wa taifa haumwonyeshi aliyeachwa nyuma. Na dodoso likiuliza tu, "Kwa nini hukujifungulia kituoni?", lawama imekwisha kuwekwa kwa mama. Tuulize pia nauli ilikuwa shilingi ngapi, alipokewaje, na nani nyumbani alishika fedha.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na wasio na uwezo inabidi watambuliwe. Baadhi yenu mtaulizwa majina. Tunaomba kamati zenu ziwaketishe wajane na watu wenye ulemavu miongoni mwa wanaoamua, si miongoni mwa wanaojadiliwa tu. Kwa wafadhili, ombi letu ni dogo: nauli za kuwafikisha wanafunzi vijiji vya mbali, maana vile vya kando ya lami vimekwisha kuhojiwa mara nyingi.