Siku Yetu ya Murano na Franga za Nyundo



Mnauliza kwa nini tunataka kutoa franga za chama kununua nyundo na mikasi ya shaba, na si kuziacha zote kwa magonjwa na vilio. Jibu letu linaanzia mbali kidogo, mutuvumilie.

Kule Italia, wengi wetu Padova, kazi ilikuwa kuosha masahani na kulinda wazee wa watu. Siku moja ya mapumziko, tukiwa saba, tulipanda treni mpaka Venezia, halafu bato mpaka Murano. Toka Fondamente Nove ni kama dakika 10 tu. Mmoja wetu alifunga macho njia yote kwa kuogopa maji. Mpaka leo tunamucheka.

Murano ni kisiwa cha glasi. Mwaka 1291 serikali ya Venezia ilihamishia huko matanuru ya glasi, kwa kuogopa moto mjini. Baadaye mafundi walikatazwa kutoka nchini, siri ya kazi isiende kwa wengine. Tuliona fundi akichovya bomba la chuma ndani ya tanuru, akavuta glasi kwa koleo, na farasi akatokea hatujamaliza hata kupiga picha. Kando yake kijana alikuwa anaangalia tu na kumpa vyombo. Anajifunza.

Tukauliza rangi. Akasema: bluu nzito ni kobalti, kijani ni shaba. Ee! Tuliangaliana. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka kwetu Kongo.

Dukani, mama mmoja wa kwetu alisimama mbele ya shanga, akanyamaza. Bibi yake, kule Bunkeya, aliacha uzi wa shanga kama zile. Wanaume wawili walishika glasi laini, wakakimbia kila mmoja upande wake, ikawa bomba refu jembamba. Ikakatwa vipande, ndiyo shanga. Wakati wa Msiri misafara ilileta shanga za Ulaya mpaka huku, zikabadilishwa kwa pembe, shaba, hata watu. Burton, Mwingereza aliyepita njia za misafara mpaka Tanganyika mwaka 1857 na 1858, aliandika kwamba zile nyekundu ziliitwa pia "kivunja mji".

Siku tuliposhuka Luano, jamaa walihesabu masanduku. Hakuna aliyeuliza tumejifunza kazi gani, na bahati njema, maana hatukuwa na jibu. Hapa Lubumbashi wazee wanaogonga shaba na wanaochonga malakiti bado wapo. Vijana wa kukaa kando yao ndio wachache: mwenye njaa hawezi kuangalia bure mwaka mzima. Tunataka kulipia hicho tu, chakula cha mwanafunzi na vyombo vyake, mpaka kazi yake iuzwe.

Wanaosema kilio hakingoji wana haki. Sisi pia tumeshazika kwa deni. Kwa hiyo tunaomba vijana wawili tu, mwaka mmoja. Bei ziko kwenye karatasi ya mtunza kisanduku. Mama wa shanga yuko pale mstari wa mbele. Alinunua moja ya bluu. Muulizeni alilipa ngapi. Kura tutapiga mbele ya chakula.