Msitupe Masega
(Maneno yaliyosemwa mbele ya kamati za parokia, Bungu, Korogwe)



Mmeniomba niseme juu ya mishumaa ya asili yenye harufu nzuri, kama kazi ya kipato ambayo akina mama wanaweza kuifanya nyumbani. Nitaanzia kwenye kile tunachokitupa.

Tukishakamua asali, masega huenda wapi? Wengi wetu tunayatupa jalalani. Kisha tunawaandikia wahisani kuomba fedha za kununua nta ya viwandani, itokanayo na petroli, na manukato ya chupa. Kwa mizinga ya asili, kila kilo 10 za asali huacha takriban kilo 1 ya nta. Mshumaa mmoja ukiwa wa gramu 50, kilo hiyo ni mishumaa 20. Ndiyo tunayoitupa.

Kazi yenyewe si ngumu. Funga masega katika kitambaa, uyachemshe kwenye maji, uyakamue. Nta huelea juu. Ikipoa huganda, nawe unaiinua kama mkate. Usitumie debe lenye kutu, maana huharibu rangi. Baadaye yeyusha nta hiyo ndani ya kopo refu lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, kwa hiyo maji yanatosha kabisa. Chovya utambi wa pamba uliosukwa, uache upoe, uchovye tena, mpaka mshumaa unenepe. Hakuna haja ya kalibu wala mashine.

Na harufu? Nta ya nyuki ina harufu yake ya asali. Ukitaka kuongeza, loweka karafuu, iliki au mdalasini mkavu ndani ya nta iliyoyeyuka kwa saa moja hivi, kisha uchuje vizuri. Harufu itakuwa ya upole, si kali kama ya dukani. Mwambieni mnunuzi ukweli huo. Msiache vipande vya mdalasini ndani ya mshumaa kwa ajili ya urembo. Vinaweza kushika moto.

Nina kovu la kuwaonyesha. Siku moja, kwa haraka, niliweka nta moja kwa moja juu ya moto mkali, nikatumbukiza majani mabichi ya mchaichai. Maji ya majani yakachemka, nta ikaruka, ikaniunguza mkono. Ndugu zangu, viungo viwe vikavu, watoto wakae mbali, na mfuniko uwe karibu. Nta ikiwaka, ifunike. Usimwagie maji hata kidogo.

Tuuze wapi? Tusidanganyane kwamba mshumaa utashinda taa ya sola. Soko letu ni altare, meza ya wageni na zawadi. Mbiu ya Pasaka inawataja nyuki kwa sababu mshumaa wa Pasaka ulitokana na kazi yao. Basi ni ajabu parokia iliyozungukwa na wafuga nyuki inunue mishumaa yote mjini.

Ombi langu kwa kamati ni hili. Kabla ya kuandika andiko la mradi, tengenezeni mishumaa 20. Pimeni nta, andikeni gharama ya utambi, kuni na viungo, na saa mlizotumia. Wauzieni watu wasio ndugu zenu. Kikibaki kitu, ombeni sufuria, mizani na mafunzo. Kisipobaki, mmepoteza kilo moja ya nta, wala hakuna mama aliyeingia kwenye deni.

Kwenu wahisani: mkiletewa ombi, ulizeni kwanza daftari la mishumaa ile 20. Hamtakuwa mmetuonea. Mtakuwa mmetusaidia.